Pupa wa Majini: Huyu ni Mbu au Si Mbu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja Kasarani, Nairobi. Klabu yetu ya mazingira imekusanya wadudu kutoka kwenye tangi la maji ya mvua, mtaro ulio nyuma ya jikoni, kidimbwi cha samaki na kijito kilicho karibu na shule. Wa kwenye tangi wamejikunja na huchupachupa ukigusa maji. Wa kidimbwini wana kishada cheupe upande wa kichwa. Wa kijitoni wamegandana na mawe, kila mmoja ndani ya kifuko chake. Mlinzi anasema wote ni mbu na anataka kumwaga mafuta ya taa kila mahali. Tuna lenzi ya mkono ya mara 10 na hadubini moja ya darasani. Tutawatambuaje kwa umbo lao tu, kabla hajatoka mdudu kamili?

JIBU: Mwalimu, mwambie mlinzi aliweke chini hilo dumu kwanza. Kwa maelezo yako, wa kwenye tangi karibu hakika ni mbu. Wa kidimbwini ni kironomidi, familia ya Chironomidae, ambao wakishakuwa wakubwa hufanana na mbu lakini hawamuumi mtu, na samaki wako wanawala. Wa kijitoni ni inzi weusi wa familia ya Simuliidae. Wa mtaroni hukuwaeleza, na mtaro ndio wenye mchanganyiko mkubwa, basi tutaufikia.

Pupa, yaani mdudu aliye katika hatua ya kati ya buu na mdudu kamili, hali chakula. Anachohitaji ni hewa tu mpaka siku yake ya kutoka ifike, na kila jamii ya inzi (hapa neno hilo linajumuisha mbu na wadudu wote wa mabawa mawili) imepata njia yake ya kuipata hewa hiyo kulingana na maji inamoishi. Kwa hiyo kiungo cha kupumulia ndicho cha kutazama kwanza. Baada yake tazama mkia, maana unaonyesha kama huyu ni mwogeleaji au mkaaji wa tope. Mwisho mgeuze ubavu utazame upande wa chini, zilipo ala, yaani vifuniko, za miguu na za mdomo. Sehemu hizo 3 zitakufikisha kwenye familia bila wasiwasi mkubwa.

Rangi usiitegemee kabisa. Pupa aliyebadilika saa 1 iliyopita huwa mweupe au wa rangi ya majani makavu. Kesho yake ni wa kahawia, na siku ya kutoka ni karibu mweusi kwa sababu mdudu kamili anaonekana kupitia gandani. Wanafunzi huweka hao watatu katika chupa tatu na kuandika majina matatu, kumbe ni wa aina moja. Ukubwa nao hudanganya: mabuu yaliyobanana kwenye chombo chenye chakula kidogo hutoa pupa wadogo, na pupa wa mbu dume kwa kawaida ni mdogo kuliko jike.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha ulichoshika ni pupa wa inzi. Kiluwiluwi cha mbu wa Culex au Aedes huning'inia kichwa chini, mrija wa mkiani ukigusa uso wa maji. Pupa amegeuza mambo: anapumulia mabegani, tumbo limekunjwa chini. Mtoto wa kerengende si pupa hata kidogo. Ana miguu 6 inayotembea. Na huko kijitoni mkikuta kitu chenye umbo la pupa lakini miguu yake iko huru, haikugandana na mwili, na mbele kuna mataya makubwa yanayopishana, huyo si inzi. Ni wa jamii ya Trichoptera, wale wanaojijengea nyumba za mchanga na vijiti.

Pupa wa inzi wenyewe wana sura mbili kuu. Wa kwanza ni wale ambao unaona wazi macho, ala za mabawa na ala za miguu, zote zimegandana na mwili kana kwamba zimepakwa gundi. Humo mna mbu, kironomidi, inzi weusi na wengi wa jamaa zao. Wa pili ni wale ambao huoni chochote ila pipa la kahawia lenye mikunjo ya pingili, kwa maana pupa amebaki ndani ya ngozi ya mwisho ya buu iliyokauka ikawa ganda. Inzi wengi wenye vipapasio vifupi wako huko. Ganda lililokwisha tokwa pia lina ushahidi wake: wa kundi la kwanza hupasuka mgongoni kwa mstari ulionyooka, na wa kundi la pili wengi hufungua kifuniko cha mviringo upande wa kichwa.

Sasa wa kwenye tangi. Pupa wa mbu ana kichwa na kifua vilivyoungana kuwa donge moja kubwa, na tumbo jembamba la pingili lililojikunja chini yake, ndiyo maana vitabu humfananisha na alama ya koma. Juu ya donge hilo, nyuma kidogo ya macho, hutokeza pembe 2 za kupumulia zilizo wazi kileleni. Mwisho wa tumbo kuna makasia 2, bapa na mapana, kila moja likiwa na mshipa katikati. Zingatia kwamba makasia haya yameunganishwa kwa kiungo: ukiyasukuma kwa sindano hucheza yenyewe bila kuivuta pingili ya mwisho. Kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, mgongoni, kuna vishungi 2 vya nywele zenye matawi, ambavyo humsaidia kutulia vizuri kwenye uso wa maji. Yeye ni mwepesi kuliko maji, kwani ana hewa iliyofungiwa kati ya ala za miguu na mabawa. Akiogopa hupiga tumbo na kuzama akibiringika. Akiacha kupiga, hupanda juu bila jitihada.

Lakini alama ninayoiamini kuliko zote iko upande wa chini. Mgeuze ubavu, mwanga utoke kando, utazame kuanzia chini ya jicho. Mbu anajiandaa kuwa na mdomo mrefu wa kunyonyea, na ala ya mdomo huo iko tayari kwa pupa: mstari mrefu ulionyooka unaoshuka katikati ya ala za miguu. Jamaa zake wote wanaofanana naye, kironomidi, Chaoboridae na Dixidae, wana mdomo mfupi, kwa hiyo mstari huo kwao hukatika mapema. Kwa lenzi ya mara 10 na pupa aliyekomaa, huo mstari unaonekana. Pupa mchanga mweupe atakusumbua. Mwache kwenye kikombe hadi kesho.

Ukishajua ni mbu, unaweza kwenda hatua moja zaidi, hadi jenasi, kundi dogo ndani ya familia, na hapa hadubini ya mara 20 hadi 40 inahitajika. Anopheles, jenasi yenye mbu wa malaria, ana pembe fupi zinazotanuka kwa ghafla, mdomo wa pembe ukiwa mpana na wenye mpasuko unaoshuka mbali kuelekea shinani. Pia kwenye kona za nyuma za pingili za tumbo, hasa zile za karibu na mkia, ana miiba mifupi minene, mmoja kila upande. Culex ana pembe ndefu nyembamba, karibu sawa unene toka chini hadi juu, na tundu dogo. Aedes, ambaye Aedes aegypti wa matairi na mitungi ni mmoja wao, ana pembe fupi zisizotanuka kama za Anopheles. Ukibaki na shaka kati ya hao wawili wa mwisho, hesabu nywele kwenye ncha ya kasia: Aedes kwa kawaida ana unywele 1 na Culex ana 2. Nywele hizo hukatika kwa urahisi, hivyo tazama makasia yote mawili kabla ya kuamua, na kwa pupa zaidi ya mmoja.

Mansonia, jenasi nyingine ya mbu, nimtaje haraka kwa sababu huwafanya watu waseme bwawa halina mbu. Pembe zake zimebadilika kuwa na ncha za kuchomeka ndani ya mizizi ya mimea ya majini, hasa kabeji ya maji, naye huvuta hewa ya mmea huko huko chini. Haji juu. Hutamchota kwa kikombe hata uchote mchana kutwa. Inabidi ung'oe mmea, uutikise kwa nguvu ndani ya beseni na kuyachuja maji.

Kuna mpaka wa kazi ya macho. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatenganishiki kwa umbo, pupa kwa pupa wala mbu kwa mbu. Hiyo ni kazi ya maabara ya vinasaba. Ukimaliza kwa kuandika "Anopheles" peke yake umeandika ukweli, na inatosha.

Turudi kidimbwini. Kironomidi ndio wanaosababisha makosa mengi kuliko wote, kwa kuwa familia yao ina mitindo kadhaa ya kupumua. Wale wenu wenye kishada cheupe ni wa kundi la Chironominae. Kishada hicho ni pembe ya kupumulia iliyogawanyika kuwa nyuzi nyingi laini. Haina tundu la kuvutia hewa kutoka juu. Huchukua oksijeni iliyoyeyuka majini. Ndiyo maana pupa huyu anaweza kukaa chini, ndani ya kijumba cha tope na nyuzi kilichoachwa na buu lake jekundu, na akapanda juu dakika chache tu kabla ya kutoka. Umbo lake ni jembamba, tumbo limelala bapa, na ala za miguu zimejikunja kwa vitanzi chini ya ala za mabawa. Mkiani hana makasia ya kucheza. Ana bapa 2 zilizoshikamana na mwili, kingo zake zimezungukwa na nywele ndefu mstari mmoja. Kwenye kona za pingili ya 8 kuna kimwiba au kichana kidogo kila upande. Mweke juu ya karatasi nyeusi, ndani ya maji, mwanga wa kando: kishada kitaonekana vizuri sana. Ukimtoa majini au ukimtia kwenye spiriti, nyuzi hujilaza na kushikana, na mtu mwingine atakuja kuandika "hana pembe".

Binamu zao wa kundi la Tanypodinae ndio wenye kufanana na mbu hasa. Hawajengi kijumba, wanaogelea huru, wamejikunja kiasi, na pembe zao ni za mrija, si kishada. Mtu akitazama kutoka juu ya beseni ataapa ni mbu. Hapa ndipo mkia na mdomo huamua kesi: ncha za mkia wake huchongoka na ni sehemu ya mwili, hazina kiungo, na kila upande zina nywele 2 ndefu, ala ya mdomo ni fupi. Kundi la tatu, Orthocladiinae, lina pembe ndogo kama vifuko visivyogawanyika, au halina kabisa. Kwa hiyo kukosa pembe si kwamba umekosea kutazama. Kijitoni ni jambo la kawaida.

Chaoboridae huenda mkawakuta mkienda kwenye mabwawa makubwa au Ziwa Victoria, ambako wao na kironomidi hupaa kwa mawingu yanayoonekana toka mbali kama moshi. Pupa wake husimama wima ndani ya maji, pembe zake zimevimba katikati na kuchongoka kileleni, hazikufunguka kama za mbu. Makasia anayo, mapana na yenye mishipa zaidi ya mmoja. Buu lake ni angavu kiasi kwamba unaona mifuko ya hewa ndani, hivyo mkiona mabuu ya namna hiyo kwenye beseni moja na pupa, swali limejibiwa. Dixidae ni wa kando ya maji tulivu yenye majani. Wamejikunja sana, hulala ubavu pale maji yanapogusa mmea au jiwe, na hawaogelei kama mbu.

Sasa mtaro. Mtaro wa jikoni una maji yenye mafuta na mabaki, oksijeni ni haba, na karibu kila anayeishi humo hupumua hewa ya juu. Mtakuta Culex kwa wingi, na hao mnawajua sasa. Kwenye utelezi wa ukutani, si ndani ya maji, tafuteni pupa wadogo wa kahawia wa milimita 2 hadi 4, waliojishikiza kwenye ute huku pembe 2 nyembamba zikichomoza nje. Tumbo lina safu za miiba midogo na wala haliogelei. Ukiwaangusha kwenye beseni hujinyonganyonga tu. Hao ni Psychodidae, wale inzi wadogo wa kijivu wenye manyoya, mfano wa vipepeo, mnaowaona kwenye kuta za vyoo na bafu. Hawaumi. Kupulizia dawa ya mbu kwenye bafu hakuwamalizi kwa sababu chanzo ni utelezi uliomo ndani ya bomba. Sugua utelezi huo kwa brashi.

Kwenye tope la kingo za mtaro, au pale ng'ombe wanaponywea maji, kuna mwingine wa kuangaliwa kwa makini: Ceratopogonidae, usubi wenye kuuma, wakiwemo Culicoides wanaosambaza ugonjwa wa ulimi wa buluu kwa kondoo na ng'ombe. Pupa ni mwembamba, tumbo karibu limenyooka, pingili zina vinundu vyenye nywele, na mwisho wa mwili kuna ncha 2 ngumu zilizochongoka na kutanuka. Hana makasia wala nywele za kuogelea. Pembe ni fupi. Ncha hizo 2 za mkiani zikionekana, usitafute zaidi.

Mtaro wenye maji mazito sana hutoa pia ganda lenye mkia mrefu uliokunjamana. Hilo ni la Eristalis, inzi anayefanana na nyuki. Buu lake huvuta hewa kwa mkia unaorefuka, kisha hutoka majini na kugeuka pupa kwenye udongo mkavu zaidi pembeni. Pembe 2 fupi za pupa hupenya ganda upande wa mbele. Hana neno na mtu.

Kijitoni mambo ni mepesi kuliko mnavyodhani, ila tu mtoe jiwe zima badala ya kumkwangua mdudu. Simuliidae husuka kifuko chenye umbo la ndara iliyofungwa mbele, kikagandishwa kwenye jiwe au jani, upande uliochongoka ukikabili mkondo na mdomo ulio wazi ukitazama maji yanakoelekea. Kwenye mdomo huo huchomoza nyuzi za kupumulia zenye matawi. Idadi ya nyuzi na jinsi zinavyogawanyika ndiyo hutumika kutenganisha spishi, kwa hiyo mkikwangua kwa kisu mkazikata mmetupa ushahidi. Andikeni jiwe lilikuwa kwenye maji ya kasi gani, na kifuko kilielekea wapi. Wanaishi kwenye maji yanayotembea yenye hewa ya kutosha. Kwenye sehemu za Mto Nairobi zilizojaa majitaka msishangae mkiwakosa, ilhali vijito vya msitu wa Karura ni mahali pazuri pa kuwatafuta. Historia ya Kenya ina kisa chao: Simulium neavei, aliyekuwa akisambaza onchocerciasis, ugonjwa unaopofusha macho, mabuu na pupa wake hukaa juu ya kaa wa mtoni. Aliondolewa magharibi mwa nchi katika miaka ya 1940 na 1950 kwa kutia DDT mitoni, dawa ambayo leo hakuna anayeruhusiwa kuimwaga mtoni.

Waliobaki niwapitie kwa kasi. Pupa mrefu wa mviringo kwenye tope la ukingo, ala za miguu zimenyooka sambamba hadi chini na tumbo lina mikanda ya miiba, ni Tipulidae, inzi wa miguu mirefu. Pembe moja ndefu kupita mwili na nyingine fupi: Ptychopteridae, na hakuna mwingine wa namna hiyo. Pupa wa kahawia wa sentimita 1 na zaidi, mgumu, anayeonekana kama pupa wa nondo, mwenye duara la miiba kwenye pingili za tumbo na ncha 6 mkiani, ni pange. Huwa kwenye tope, si ndani ya maji. Ganda bapa gumu kama ngozi lenye kishungi cha nywele mkiani ni Stratiomyidae. Mtu yeyote anayefuga inzi askari weusi kwa chakula cha kuku ameliona umbo hilo bila kujua, maana ni familia moja. Ganda lenye mkia uliogawanyika panda, limekumbatia kijiti cha mmea, ni Ephydridae, ambao baadhi yao hustahimili maji ya chumvi na magadi yanayowashinda wengine.

Namna ya kufanya kazi yenyewe. Kwa kuchota, tumieni kikombe cheupe au upawa wa mililita 350 hivi, na mkaribie maji bila kivuli chenu kuangukia hapo. Pupa wa mbu huzama kivuli kikipita. Wakizama, subirini dakika 2 bila kusogea. Chukueni mmojammoja kwa bomba la kudondoshea lililokatwa ncha ili tundu liwe kama milimita 5, la sivyo mtawaponda. Mimineni kwenye sahani nyeupe na mtazame kwa dakika 5 kabla ya kugusa: nani anabiringika, nani anajinyonga, nani amekaa chini, nani anasimama wima. Mwendo hauonekani tena akishakufa, na ni nusu ya jibu kwa mtu mwenye lenzi tu.

Kumtuliza chini ya lenzi, weka nyuzi chache za pamba kwenye kifuniko cha chupa, tia maji kidogo, mlaze juu ya pamba. Akihitajika kuhifadhiwa, usimtupe moja kwa moja kwenye spiriti. Mwue kwanza kwa maji ya nyuzi joto 60 hivi, kwa dakika 1. Protini hushikana na umbo hubaki lilivyo. Wanaoingizwa kwenye spiriti wakiwa hai hujikunja, hubadilika rangi, na wengine hunywea. Kisha ethanoli ya asilimia 80: pima mililita 83 za ethanoli ya asilimia 96, ongeza maji hadi zifike 100. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na chupa isiyo na mahali wala tarehe haina thamani yoyote, hata kama mdudu ndani yake ni adimu.

Njia ya uhakika zaidi, na ya raha kwa wanafunzi, ni kumwacha atoke. Pupa 1 kwa kikombe 1, maji ya pale pale alipotoka yenye kina cha sentimita 2 au 3, wavu juu umefungwa kwa mpira. Usitumie maji ya bomba yaliyotiwa klorini. Hahitaji chakula. Penye joto kama Mombasa mbu hutoka baada ya siku 2 hivi. Kwa baridi ya Nairobi mwezi wa Julai inaweza kuvuka siku 4. Akitoka, subiri akauke mabawa, kisha ondoa ganda tupu linaloelea kwa brashi laini na ulihifadhi pamoja na mdudu wake, namba moja kwa wote wawili. Ganda hilo tupu ni bora kuliko pupa mzima kwa kutazama: ni angavu, nywele zote zinaonekana, na likiwekwa kwenye tone la gliserini chini ya kioo chembamba mtaweza kuhesabu nywele za kasia bila kubishana. Watafiti wa mito hukusanya magamba ya kironomidi yanayoelea kwenye povu la kingoni na kujua walioishi humo bila kuchimba tope.

Tukija kwa mlinzi na dumu lake: dawa ya bakteria aina ya Bti, inayouzwa kwa kuua viluwiluwi, haiwapati pupa, kwa sababu lazima iliwe na pupa hali. Mkiona pupa wengi leo halafu mkaitia dawa hiyo, mtapata mbu kesho kutwa na mtaona kana kwamba imeharibika. Tangi la maji ya kutumia lisitiwe mafuta. Toeni maji yote kupitia kitambaa, sugueni kuta, kisha mfunike mdomo na tundu la kufurikia kwa wavu wa mbu. Pupa waliobaki kwenye kitambaa waanikeni kwenye saruji kavu juani. Wakimwagwa kwenye udongo wenye unyevu, wengine hutoka wakawa mbu hapo hapo. Kidimbwi msikiguse, ni shamba la chakula cha samaki. Mtaro uzibuliwe utembee.

Jambo moja la tangi lisipite hivi hivi. Mbu wa malaria tuliowazoea hupendelea madimbwi ya chini yenye jua, lakini mwanzoni mwa 2023 ilithibitishwa kwamba Anopheles stephensi, anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya mijini, ameingia Kenya, akionekana kwanza Marsabit. Kwa hiyo mkikuta pembe fupi pana na miiba kwenye kona za pingili kutoka kwenye tangi la shule, waacheni pupa hao watoke chini ya wavu, wahifadhini mbu wakavu pamoja na magamba yao kwenye chupa ndogo yenye pamba, na mpeleke kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu mkiomba wafikishwe KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Wakiwa Culex au Aedes, safisheni tangi tu.